Nyani haoni kundule: Marekani na Uchina katika mizani ya haki

MWEZI Desemba mwaka 2013, wanaume watatu wa jamii ya Uighur waliondolewa katika gereza la Guantanamo, kambi ya kijeshi ya Marekani kisiwani Cuba, wakapelekwa Slovakia, nchi ya Ulaya wasiyokuwa na ndugu wala jamaa. Walikuwa wamezuiliwa kwa muda wa takriban miaka 12.

Watatu hao walikuwa wa mwisho kuondoka katika kundi la watu 22, Waislamu wenyeji wa jimbo la Xinjiang lililoko magharibi mwa Uchina. Wengi wao walikamatwa nchini Pakistan baada ya Marekani kuivamia Afghanistan mwaka 2001, wakakabidhiwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakitoa zawadi ya pesa kwa waliowaletea washukiwa.

Marekani yenyewe ilikiri baadaye kwamba watu hao hawakuwa maadui wake. Hata hivyo, haikuweza kuwarudisha Uchina, kwani ilihofia wangeteswa. Wakati huohuo, ilikataa kuwapokea katika ardhi yake. Mnamo 2008 jaji mmoja wa Washington, Ricardo Urbina, aliamuru 17 kati yao waachiliwe na kuishi Marekani, lakini mahakama ya rufaa ikabatilisha amri hiyo mwaka uliofuata. Hatimaye walitawanywa Albania, Bermuda, Palau, Uswisi, El Salvador na Slovakia.

Kisa cha Wauighur hao kinaeleza kwa ufupi jambo ambalo mataifa mawili makuu ya dunia yamekuwa yakibishania kwa zaidi ya miaka 30: ni nani kati yao anayeheshimu haki za kibinadamu na nani anayezikanyaga?

Mwaka 2002, Marekani ilipohitaji kuungwa mkono na Beijing katika vita dhidi ya ugaidi, ililitaja kundi la Wauighur liitwalo Vuguvugu la Kiislamu la Turkestan Mashariki kuwa la kigaidi. Mwaka huohuo, maafisa wa Uchina waliruhusiwa kuingia Guantanamo kuwahoji mahabusu waliotoka kwao. Mwaka 2020, uhusiano ulipokuwa umeharibika, Marekani ililiondoa kundi hilo katika mojawapo ya orodha zake za ugaidi. Mnamo Januari 19, 2021, ikatangaza kwamba Uchina inawaangamiza Wauighur kwa mauaji ya kimbari.

Ni kweli kwamba dhuluma dhidi ya jamii hiyo ilizidi mno kuanzia 2017, Uchina ilipowafungia watu wengi katika kambi ilizoziita vituo vya mafunzo ya kazi. Lakini hapana shaka pia kwamba wakubwa walipopatana, Mwighur aliitwa gaidi. Walipokosana, akawa mtu anayestahili kutetewa.

<b>Ripoti dhidi ya ripoti</b>

Kila mwaka Wizara ya Mashauri ya Kigeni ya Marekani huchapisha ripoti kuhusu hali ya haki za kibinadamu duniani. Desturi hiyo ilianza katika miaka ya sabini, Bunge la Congress lilipotaka kujua iwapo pesa za walipa ushuru zilikuwa zikisaidia serikali zinazotesa raia. Mwanzoni zilizochunguzwa ni nchi zilizopokea misaada. Baadaye ripoti ikapanuliwa hadi ikafikia zaidi ya nchi 190. Nchi moja kubwa haimo: Marekani yenyewe.

Beijing iliziba pengo hilo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ofisi ya habari ya Baraza la Serikali la Uchina imekuwa ikitoa ripoti yake, aghalabu punde tu baada ya ile ya Washington. Ripoti hiyo haizungumzii dunia nzima. Inazungumzia nchi moja tu, nayo ni Marekani.

Msomaji anayezisoma ripoti hizi mbili sambamba atashangazwa na jambo moja. Mengi yaliyomo katika kila upande ni ya kweli.

Marekani huandika kuhusu wanaharakati wanaofungwa Uchina kwa kutoa maoni yao. Haikosi mifano. Mwandishi Liu Xiaobo alihukumiwa kifungo cha miaka 11 mwezi Desemba 2009 kwa sababu ya maandishi yake na kwa kusaidia kuandaa waraka uliodai demokrasia. Mwaka uliofuata alituzwa Nobeli ya Amani akiwa gerezani, na kiti chake kikabaki kitupu katika sherehe mjini Oslo. Alifariki Julai 13, 2017 akiwa bado mikononi mwa serikali.

Uchina nayo huandika kuhusu ubaguzi wa rangi, bunduki na magereza ya Marekani. Nayo haikosi mifano. Katika miaka ya 2000 idadi ya wafungwa na mahabusu nchini Marekani ilipita milioni mbili, kiwango ambacho taifa lolote linalojiita ngome ya uhuru lingekionea aibu. Mwaka 2004 dunia iliona picha za Wairaki wakidhalilishwa na wanajeshi wa Marekani katika gereza la Abu Ghraib. Mnamo Mei 25, 2020, polisi mzungu mjini Minneapolis alimwekea goti shingoni George Floyd, Mmarekani mweusi, hadi akafa mbele ya watu.

Hapa ndipo methali ya wahenga inapopata mahali pake: nyani haoni kundule, huliona la mwenzake. Kila mmoja wa wakubwa hawa ni shahidi hodari wa makosa ya mwenzake na shahidi duni wa makosa yake.

Iko tofauti ambayo haifai kufichwa. Ripoti ya Uchina hunukuu sana magazeti ya Marekani, takwimu za serikali ya Marekani, kesi za mahakama za Marekani na tafiti za vyuo vikuu vya huko. Kwa maneno mengine, Beijing huishtaki Washington kwa ushahidi ambao Wamarekani wenyewe wameukusanya na kuutangaza bila kuogopa kufungwa.

Mshtaki wa Uchina hana urahisi huo. Chukua mfano wa adhabu ya kifo, ambayo nchi zote mbili bado zinaitekeleza. Inajulikana kwamba Marekani iliwaua kwa sindano na njia nyingine watu 98 mwaka 1999, idadi ya juu zaidi tangu adhabu hiyo irejeshwe mwaka 1976. Idadi ya wanaouawa Uchina ni siri ya serikali. Shirika la Amnesty International, ambalo linaamini kuwa ni maelfu kila mwaka, liliacha kuchapisha kadirio lake mnamo 2009.

<b>Meza moja, mwaka 1948</b>

Haikuwa lazima mambo yafike hapa. Azimio la Ulimwengu la Haki za Kibinadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mjini Paris mnamo Desemba 10, 1948, lilitungwa na kamati ambayo Mmarekani na Mchina walikuwa miongoni mwa nguzo zake.

Mwenyekiti alikuwa Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Franklin Roosevelt. Naibu wake alikuwa Peng Chun Chang, msomi na mwandishi wa tamthilia aliyesomea Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Chang alitaka kifungu cha kwanza kisizungumzie akili pekee, kana kwamba akili ndiyo inayomfanya mtu kuwa mtu. Alipendekeza liongezwe neno la mafunzo ya Konfyusi, "ren", ambalo Mswahili angelifasiri bila taabu kuwa utu. Kwa kukosa neno linalolingana nalo, lugha za Ulaya zikaandika "dhamiri".

Nchi 48 ziliunga mkono azimio hilo, nane zikajizuia, na hakuna iliyopinga. Lakini hata wakati huo unafiki ulikuwa umekwisha kupiga hodi.

Mwaka 1947, msomi W.E.B. Du Bois pamoja na chama kikuu cha kutetea haki za Wamarekani weusi waliwasilisha malalamishi kwa Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi uliohalalishwa kisheria katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Muungano wa Kisovieti ulitaka yajadiliwe, kwa furaha ya kumwaibisha mpinzani. Marekani ikapinga, naye Roosevelt, ingawa alikuwa katika bodi ya chama hichohicho, hakukubali kuyaunga mkono. Malalamishi yalikuwa ya kweli. Yalizimwa kwa kuwa yangemfaa adui.

Kwa upande wa pili, serikali aliyoiwakilisha Chang ilishindwa vitani na kukimbilia Taiwan mwaka 1949. Wakomunisti wa Mao Zedong walioshika hatamu waliipitisha nchi katika njaa ya 1958 hadi 1962, iliyoua watu kwa makumi ya mamilioni, na baadaye katika msukosuko wa Mapinduzi ya Kitamaduni.

<b>Nusu kwa nusu</b>

Azimio la 1948 lilizijumlisha haki zote: uhuru wa kusema na haki ya kula, haki ya kupiga kura na haki ya kutibiwa. Vita Baridi vilipopamba moto, haki hizo zilikatwa vipande viwili. Mwaka 1966 Umoja wa Mataifa ulipitisha mikataba miwili badala ya mmoja: Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni.

Tazama jinsi wakubwa walivyogawana. Marekani iliridhia mkataba wa kwanza mwaka 1992, tena kwa masharti mengi. Ule wa pili iliutia saini mwaka 1977 na haijauridhia hadi leo. Uchina iliridhia mkataba wa pili mwaka 2001. Ule wa kwanza iliutia saini Oktoba 1998 na haijauridhia hadi leo.

Kila mmoja, basi, ameshika nusu ya haki na kuiita nzima. Marekani husema kwamba mtu asiyeweza kumkosoa rais wake hana haki yoyote. Uchina husema kwamba mtu anayelala njaa hana haja na kura, na kwamba kuwaondoa watu wapatao milioni 800 katika umaskini kwa muda wa miaka 40 ndiyo haki kuu ya kibinadamu.

Hoja zote mbili zina uzito. Kuinuliwa kwa mamilioni hayo ni tendo ambalo historia haijashuhudia mfano wake. Lakini waliokufa kwa njaa miaka ya 1958 hadi 1962 wanatukumbusha kwamba palipo hofu ya kusema ukweli, hata mkate hauna usalama. Maafisa wa vijijini walitangaza mavuno ya uongo, na hakuna gazeti lililothubutu kuwakanusha. Kadhalika, uhuru wa kusema haumtibu Mmarekani maskini asiyekuwa na bima ya afya.

<b>Haki inapogeuzwa sarafu</b>

Majeshi ya Uchina yalipowaua waandamanaji katika mitaa inayoelekea uwanja wa Tiananmen usiku wa kuamkia Juni 4, 1989, suala la haki liliingia rasmi katika biashara ya mataifa haya mawili. Katika kampeni za 1992, Bill Clinton alimkashifu Rais George Bush kwa kuwalegezea kamba watawala wa Beijing. Mwaka 1993, akiwa rais, aliweka sharti: Uchina irekebishe mwenendo wake au ipoteze nafuu ya ushuru.

Mei 1994 aliliondoa sharti hilo. Kampuni za Marekani zilikuwa zimeona soko la watu zaidi ya bilioni moja, na hazikutaka kulipoteza. Mwezi Desemba 2001 Uchina ikajiunga na Shirika la Biashara Duniani.

Malalamiko yalipelekwa pia Geneva, kwenye Tume ya Haki za Kibinadamu ya Umoja wa Mataifa. Karibu kila mwaka Marekani ilileta au kuunga mkono hoja ya kuikashifu Uchina, na karibu kila mara Uchina iliomba ipigwe kura ya kutoijadili hoja hiyo, ikashinda. Mwaka 2001 Marekani yenyewe ilikosa kuchaguliwa katika tume hiyo.

Wafungwa nao waligeuzwa sarafu. Mwanaharakati Wei Jingsheng aliachiliwa Novemba 1997, wiki chache tu baada ya Rais Jiang Zemin kuzuru Marekani. Wang Dan, kiongozi wa wanafunzi wa 1989, aliachiliwa Aprili 1998, muda mfupi kabla ya Clinton kuzuru Uchina. Wote wawili walipelekwa Marekani moja kwa moja. Walipata uhuru, lakini kwa bei ya kuondolewa nchini mwao.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba ushindani huu haujazaa lolote jema. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoharamisha ubaguzi shuleni, serikali ilikuwa imeiambia mahakama hiyo kwamba ubaguzi ulikuwa ukiwapa Wakomunisti silaha ya kuichafulia Marekani jina ng'ambo. Uchina nayo iliongeza haki za kibinadamu katika katiba yake mwaka 2004 na kufuta kambi za kurekebisha tabia kwa kazi ngumu mwishoni mwa 2013.

Aibu, basi, hufanya kazi. Lakini hufanya kazi pale tu ambapo mdhulumiwa ana mahali pa kusimama: mahakama, gazeti, au chama. Pasipo hayo, lawama za mgeni hupita kama upepo, na pengine humwongezea mfungwa dhiki.

<b>Afrika katikati ya mafahali</b>

Mafahali wapiganapo, nyasi ndizo huumia. Visa viwili katika Baraza la Haki za Kibinadamu, lililochukua nafasi ya ile tume mwaka 2006, vinaonyesha jinsi bara letu linavyovutwa huku na huku.

Juni 2020, baada ya kifo cha Floyd, nchi za Afrika ziliomba kikao cha dharura kuhusu ubaguzi wa rangi. Rasimu ya kwanza ilidai tume ya uchunguzi kuhusu Marekani. Baada ya shinikizo, jina la Marekani lilifutwa katika sehemu hiyo na tume ikageuzwa kuwa ripoti ya kawaida.

Agosti 31, 2022, ofisi ya haki za kibinadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti iliyosema kwamba yaliyotendeka Xinjiang huenda ni uhalifu dhidi ya binadamu. Mnamo Oktoba 6 lililetwa ombi dogo tu: ripoti hiyo ijadiliwe. Nchi 17 ziliunga mkono, 19 zikapinga na 11 zikajizuia. Kati ya nchi 13 za Afrika zilizokuwa barazani, nane zilipinga, nne zikajizuia, na moja pekee, Somalia, ikaunga mkono.

Marekani haina ubavu wa kuzilaumu nchi hizo. Ilijiondoa katika baraza hilo mwaka 2018, ikarudi, kisha ikatangaza mwezi Februari 2025 kwamba inajitoa tena. Ripoti yake iliyotolewa Agosti 2025 ilipunguzwa mno na kuachwa bila sehemu kadhaa zilizozoeleka. Novemba mwaka huo, zamu yake ya kuhojiwa na mataifa mengine mjini Geneva ilipofika, haikuhudhuria. Hapo ndipo tofauti tuliyoitaja kati yake na Uchina inapoanza kumomonyoka, kwa sababu nguvu ya Marekani haikuwa katika usafi wake bali katika kukubali kuchunguzwa.

<b>Mizani yetu wenyewe</b>

Kenya haikuwa mwanachama wa baraza hilo katika visa vyote viwili. Sasa ni mwanachama, baada ya kuchaguliwa Oktoba 2024 kwa muhula wa miaka mitatu. Haiwezi tena kujificha nyuma ya pazia.

Wala sisi si wageni katika mchezo huu. Februari 2007 Mkenya mmoja alikamatwa na polisi Mombasa kwa tuhuma za ugaidi. Hakufikishwa katika mahakama ya Kenya. Alikabidhiwa Wamarekani, akapelekwa Guantanamo, akakaa huko karibu miaka 18 bila kufunguliwa mashtaka, na akarejeshwa nyumbani Desemba 2024.

Aprili 2016 Kenya iliwasafirisha kwa ndege hadi Uchina watu 45 wenyeji wa Taiwan waliohusishwa na ulaghai wa simu na mitandao, licha ya malalamiko ya Taiwan. Baadhi yao walikuwa wameachiliwa na mahakama ya Nairobi. Jibu la serikali lilikuwa kwamba Kenya inaitambua Uchina moja tu.

Mkubwa mmoja aliomba, tukampa. Mwingine aliomba, tukampa pia. Katika visa vyote viwili kilichokosekana hakikuwa urafiki na Washington wala Beijing. Kilichokosekana ni heshima kwa mahakama zetu wenyewe.

La kutia moyo ni kwamba tunayo mizani iliyokamilika kuliko zao. Kenya iliridhia mikataba yote miwili mwaka 1972. Katiba ya 2010, katika Sura ya Nne, inaweka pamoja kile ambacho wakubwa walikikata vipande: uhuru wa kusema na kuandamana upande mmoja, na haki ya chakula, matibabu, makao na elimu upande wa pili. Inaamuru pia kwamba aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya muda wa saa 24.

Mizani ikiwa safi, sharti itumiwe kwanza nyumbani. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya kupinga mswada wa fedha katikati ya mwaka 2024, na vijana kadhaa wakatekwa nyara miezi iliyofuata. Mkenya anayecheka unafiki wa Marekani na Uchina huku akiyafumbia macho hayo, naye ni nyani wa methali ileile.

Swali la kumuuliza kila mtawala, awe wa Washington, Beijing au Nairobi, halihusu makosa ya jirani yake. Aulizwe ni nani nchini mwake anayeweza kuandika makosa ya serikali, akayachapisha, kisha akalala nyumbani kwake usiku huo bila wasiwasi. Wale Wauighur 22 hawakuulizwa lolote na mkubwa yeyote. Mmoja aliwafungia, mwingine aliwangoja, na wote wawili wakaendelea kuandika ripoti.